Miwa Mibichi ya Kizuka

Rumonge, 9 Februari 2025

Mjomba Barnaba,

Amahoro kwako na kwa mama Emery. Barua hii nimemkabidhi Hamissi, mchuuzi wa mawese, ambaye huvuka mpaka kila anapopata gari lenye mafuta. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza kama umepona, ukanijibu kwamba mmeshavuna. Masikio uliyoyaacha kwenye kiwanda cha sukari hayatarudi, kwa hiyo tuandikiane.

Huku tu wazima. Mdogo wangu Nestori amepata kazi ya kufundisha Gitaza. Anasema wanafunzi wake wananuka ndagala, dagaa wa ziwani, na yeye mwenyewe ameanza kunuka. Mama anakusalimu. Bado anakata miwa Kizuka, kwenye mashamba ya chama cha akina mama, na wanapika sukari guru kama walivyojifunza huko Tanzania kabla ya kurudi. Anasema mgongo wake umezeeka kuliko yeye.

Sasa jambo lenyewe. Unajua nina atelye ya kuchomelea vyuma hapa mjini pamoja na Mansuri. Tunatengeneza mashine za kukamulia mawese. Tangu mwaka jana nimeanza kitu kingine: mashine ya kukata miwa. Si lile dude la kwenu lenye ukubwa wa nyumba. Hii ina magurudumu mawili, na mtu anatembea nyuma yake ameshika vishikio viwili kama vya toroli. Moteri iko katikati. Mbele, karibu na ardhi, kuna sahani mbili za chuma zinazozunguka, zenye visu pembeni.

Fremu imekamilika. Nimekwama kwenye ukataji, maana sijawahi kuona mashine ya namna hiyo ikifanya kazi. Wewe ulizifungua na kuzifunga katika karakana ya kampuni. Naomba uniandikie: sahani zikae vipi? Visu viwe vingapi? Vikate juu ya udongo au ndani yake?

Chama kimenipa shamba moja msimu ujao wa kiangazi. Mwenyekiti wao, Speciosa, hapotezi maneno. Aliniambia: "Jovita, kukata haiko kazi. Hata panga inakata. Mimi nataka nione mashina imeota tena. Isipoota, tunang'oa miwa yote, tunapanda muhogo, na wewe unarudia kuziba mapipa yako." Kwa hiyo unaelewa niliposimama.

Nampigia mwanao Emery, simu yake haipatikani. Mwambie namtafuta.

Ni mimi, mtoto wa dada yako,
Jovita


Kambi ya Nne, Tanzania, 16 Machi 2025

Mpwa wangu Jovita,

Hamissi amefika na barua pamoja na dumu la mawese. Mwambie mama yako tunashukuru, ila safari ijayo afunge kifuniko kwa nailoni. Shati la Hamissi limekunywa sehemu yetu.

Sisi hatujambo. Mvua imekuja vizuri na mahindi yamefika kiunoni. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha, mmoja ana doa jeupe usoni. Mama Emery anaendelea na dawa za presha na anapunguza chumvi kwenye chakula changu badala ya chake. Kanisani wamebadilisha mabati. Yale ya zamani tumegawana, na mimi nimeezekea banda la kuku. Nestori kufundisha ni habari njema. Mwambie asiwapige watoto.

Kuhusu mashine, umefanya jambo kubwa na nakupongeza. Lakini mambo hayo ni ya kampuni na mafundi wake wa kigeni. Mimi nilikuwa nabadilisha beringi tu. Nikushauri kama mjomba wako: panga lililonolewa vizuri linatosha shamba la chama. Panga halingoji mafuta yavuke mpaka.

Tunawasalimu nyote, mmoja mmoja.

Mjomba wako,
Barnaba


Rumonge, 6 Aprili 2025

Mjomba,

Amahoro. Tumefurahi kwa mapacha wa mbuzi. Mama amefunga kifuniko kwa nailoni na kamba juu yake, na Hamissi ameahidi kuvaa shati jeusi.

Mama hajambo. Nestori anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili na nguo alizofuliwa. Mansuri ameoza binti yake wa kwanza, Warda. Tulikula pilau mpaka tukashindwa kufunga mikanda.

Mjomba, nikuambie bila kukukosea heshima: umeniandikia habari za mbuzi na mabati vizuri sana, na swali langu umelipita kando kama mtu anayepita dimbwi. Eti beringi tu. Mama amecheka. Anasema mlipoishi pamoja ulifungua redio ya paroko bila ruhusa na ukairudisha inapiga stesheni zaidi.

Nimejaribu mwenyewe. Niliziweka sahani bapa, sambamba na ardhi, nikahamishia mashina kadhaa ya miwa nyuma ya atelye ili nipate cha kukata. Visu havikukata, vilipasua. Kila shina lilibaki limechanika kama mswaki wa mti. Mansuri aliyaangalia akasema, "Hapa hakuna kitu itaota. Hapa tumeua."

Ninahitaji jibu. Kama hujui, niandikie kwamba hujui. Kama unajua na hutaki, niandikie hivyo pia.

Na Emery hukumtaja hata kwa jina.

Jovita


Kambi ya Nne, 11 Mei 2025

Mpwa wangu,

Salamu zako nimezipata, na za Mansuri. Mungu ampe Warda nyumba yenye amani. Mama Emery amekuwa na homa lakini ameinuka. Mahindi tumeyavuna.

Umeuliza kwa hasira, nami nitakujibu bila hasira.

Hapa Kambi ya Nne watu wote walikuwa wakataji. Msimu ukianza, unasikia kengele na watu wanatoka na mapanga, mistari kwa mistari, mpaka barabara inakuwa nyeusi kwa masizi ya mashamba. Emery alikuwa miongoni mwao. Baadaye alipelekwa kukata miwa ya mbegu, kazi wanayopewa wenye mkono mtulivu, kwa sababu shina likiharibika limeharibika kwa miaka.

Kisha mashine zikaletwa, zikiwa kwenye makasha, vipande vipande. Mimi na mafundi wenzangu tulizifunga. Siku ya kwanza mashine ilipoingia shambani nilisimama pembeni, na hakukuwa na mtu wa kulinganishwa nami kwa majivuno. Haikuwa kosa. Ilikuwa kazi yangu na niliifanya vizuri. Mpaka leo mashine niliyoifunga mimi haijavunja mhimili.

Msimu uliopita wakataji waliitwa uwanjani. Waliambiwa kwamba mashamba yote ya tambarare sasa ni ya mashine. Emery alirudi nyumbani na panga lake limefungwa kwenye gunia. Simu aliiuza. Anaamka, anakaa kwenye kiti mlangoni, anatazama barabara. Mama yake akimwita kula, anakuja. Hakuna zaidi ya hapo.

Sasa unaniomba nikufundishe kunoa kisu kilichomkata mwanangu.

Ndiyo sababu nilikuandikia habari za mbuzi.

Barnaba


Rumonge, 1 Juni 2025

Mjomba,

Amahoro kwenu, na pole kwa mama Emery. Huku mvua zimekwisha. Ziwa limetulia na kule Magara wanavua vizuri.

Barua yako niliisoma peke yangu, kisha nikamsomea mama. Akasema, "Andikia Barnaba aje aone ni nani anakata huku." Kwa kuwa huwezi kuja, nitakuandikia nilichokiona.

Huku hakuna mistari ya wakataji. Hakuna kengele. Wanaokata ni wanachama wenyewe, wanawake wa umri wa mama, na wachache wa umri wangu wenye watoto mgongoni. Vijana wamekwenda Magara kuvua, au wanaendesha moto, yaani pikipiki za abiria, au wako Bujumbura. Ukimwita kijana aje akate miwa anakuuliza kama unamtania. Mwaka jana shamba la chini kabisa, karibu na mto, halikukatwa kwa wakati. Miwa ilitoa maua, ikakauka ndani, na sukari iliyopikwa kutoka humo haikuganda. Waliimwaga. Speciosa alipozungumzia kung'oa miwa hakuwa ananitisha mimi. Walikuwa wameshaamua.

Jambo jingine mama hakutaka ulijue, nami naliandika bila ruhusa yake. Mwezi wa nane uliopita panga lilimteleza likamwingia kwenye muundi. Alikuwa amechoka, ameinama tangu asubuhi. Alishonwa. Anatembea, lakini akipanda kilima anashika goti. Zile barua za "mama hajambo" nilikuwa naziandika huku ameketi karibu ananitazama.

Kuhusu Emery sina neno linalofaa. Mashine yangu haijamnyima mtu kazi, lakini sitakuambia kwamba haifanani na ile. Inafanana.

Sikuulizi tena habari za visu. Shamba litakatwa mwezi wa saba kwa jinsi nitakavyoweza.

Mpwa wako,
Jovita


Kambi ya Nne, 22 Juni 2025

Jovita,

Kwanza mwambie mama yako Agneta kwamba nimekasirika. Mimi ndiye kaka yake. Muundi wake nausikia kwa barua, tena karibu mwaka mzima umepita! Mwambie pia apake mafuta ya moto jioni na asipande kilima bila fimbo.

Sisi wazima.

Shika kalamu, na Mansuri asikilize.

Sahani zisilale bapa. Mbele ziinamishe kidogo, kama mtu anayetazama vidole vyake vya miguu. Zikilala bapa, kisu kinapiga shina mara ya pili kinapozunguka upande wa nyuma, na hiyo ndiyo iliyokuchania. Zikiinama, kinapiga mara moja na kupita juu.

Zizunguke zikielekeana, ili miwa ivutwe katikati, isitupwe pembeni.

Visu vinne kwa kila sahani. Vifunge kwa bolti, usivichomelee. Kisu ni cha kubadilishwa, siku yoyote utakapoona kimekuwa butu.

Vikate usawa wa udongo kabisa, hata viguse udongo kidogo. Sukari nyingi iko chini. Anayekata juu anaiacha ardhini ikiliwa na mchwa, na chipukizi linalotoka kwenye kisiki kirefu ni dhaifu.

Mwendo: mashine itembee polepole kuliko mtu, sahani zizunguke kwa kasi kuliko unavyothubutu. Mkifanya kinyume, mtasukuma miwa badala ya kukata.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayajua zaidi ya beringi. Mchoro uko nyuma ya karatasi hii. Nimeuchora mezani na Emery akipita nyuma yangu. Alipita tena.

Mjomba wako,
Barnaba


Rumonge, 20 Julai 2025

Mjomba,

Amahoro. Mama anapaka mafuta ya moto na analalamika kwamba shuka zinanuka. Fimbo ameikataa. Nestori amefunga shule na yuko hapa anakula.

Mchoro wako tumeubandika ukutani kwenye atelye. Mansuri aliutazama akasema, "Huyu muzee alikuwa anajificha." Tumefuata kila ulichoandika. Mafuta yalitusumbua, Mansuri alizunguka na pikipiki mpaka Nyanza-Lac kutafuta esansi. Jumanne iliyopita tuliipeleka Kizuka.

Sikualika watu. Walikuja wote. Akina mama wa chama walivaa vitenge vya sherehe. Wakamuaji wa mawese walifunga kazi. Wanaume wasiojua muwa unapandwaje walisimama mbele kabisa.

Niliwasha. Mashina ya mwanzo yalikatika kama ulivyosema, mara moja, safi, usawa wa udongo. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilijua mapema kuliko wao, kwa sababu nilisikia moteri ikibadilisha sauti. Majani, mjomba. Makavu ya chini na mabichi ya juu, yote yaliingia kwenye mihimili ya sahani na kujiviringisha. Mkanda ukaanza kutoa moshi. Mashine ikasimama, nayo imevaa majani kama mcheza ngoma.

Mwanamume mmoja akapiga kelele kutoka barabarani: "Jovita! Hiyo iko nakata miwa ao iko nasuka mukeka?"

Mansuri alikuwa chini anang'oa majani kwa koleo. Hakuinua kichwa. "Iko nasuka," akasema. "Leta kipimo ya kitanda yako."

Watu walicheka, na mimi nilicheka pia, maana sikuwa na kitu kingine cha kufanya na uso wangu. Tuliisafisha, tukawasha, ikajifunga tena. Tena. Mara ya mwisho mkanda ulikatika.

Speciosa hakucheka. Aliinama akayagusa yale mashina machache yaliyokatwa. "Haya iko sawa," akasema. "Ingine yote tutakata na panga. Lile shamba la karibu na mto nakuachia mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Kisha basi."

Mama alirudi na panga siku iliyofuata. Nilimwona kutoka barabarani.

Umeniandikia kila kitu isipokuwa majani. Kwenu majani yanakwenda wapi?

Jovita


Kambi ya Nne, 3 Agosti 2025

Jovita,

Wazima. Salamu tutazimalizia chini, Hamissi anangojea.

Majani ya kwetu yanakwenda angani. Shamba linachomwa moto siku moja kabla ya kukatwa. Asubuhi miwa imesimama myeusi, mitupu, na mashine inapita kama kwenye nguzo. Miaka yote niliyofanya kazi sikuona mashine ikiingia kwenye miwa ambayo haijapitiwa na moto. Visu nilikuficha, lakini hili sikulificha. Halikunijia kichwani kwamba kuna watu wanaokata miwa na majani yake.

Na wewe hujawahi kuona shamba likichomwa, ndiyo maana hukuniuliza. Wajinga wawili, kila mmoja na shamba lake kichwani.

Najua hamwezi kuchoma. Michikichi imeshikana na miwa. Mkiwasha moto hapo Kizuka nzima itakosa mawese. Kwa hiyo mchoro wangu umefikia mwisho wake.

Sasa sikiliza. Emery ndiye aliyeipokea barua yako kwa Hamissi, akaisoma kabla yangu, jambo ambalo si adabu. Nilipotoka nje nilimkuta anacheka peke yake. Ilikuwa habari ya mkeka. Mama yake alitoka jikoni kuja kuangalia kama ni yeye. Akasema, "Baba, miwa ya mbegu haichomwi." Nikamwambia aongeze sauti. Akapiga kelele mpaka jirani akachungulia: "Miwa ya mbegu haichomwi! Mimi nimekata mibichi miaka yote!"

Anakuja na Hamissi. Nguo zake ziko kwenye gunia lile la panga, na panga limo ndani. Mpe kazi. Huruma usimpe, huku amepewa ya kutosha.

Salamu kwa wote.

Barnaba


Rumonge, 14 Septemba 2025

Mjomba wangu na mama Emery,

Amahoro. Emery alifika amekonda na ana vumbi mpaka masikioni. Mama alimlisha ugali na samaki wa mukeke mpaka akaomba msamaha. Analala kwenye chumba cha Nestori. Mgongo wa mama uko vilevile, na fimbo sasa ameikubali, kwa sababu anaitumia kumwonyeshea Emery mambo.

Nawaandikia yote kwa utaratibu, maana najua mjomba atakasirika nikirukia mwisho.

Emery hakuigusa mashine kwanza. Alizunguka shamba la karibu na mto. Kisha akasema miwa yetu yote imelalia upande mmoja kwa sababu ya upepo wa ziwa, na kwamba mimi nilikuwa nimeingia upande ambao majani yananijia usoni. Kwenye miwa mibichi, alisema, unaingia kutoka mgongoni kwake. Akaniomba nimchomelee pembe mbili za chuma mbele, za kupasua majani kabla sahani hazijafika. Nilizichomelea mchana uleule.

Tukajaribu. Ilikwenda mbali zaidi ya mwanzo, lakini ilijifunga.

Tulikuwa tumeketi chini, mimi, Emery na Mansuri, tunachambua majani kwenye mhimili. Emery akauliza, "Ile mashine yenu ya mawese, nyuzi za chikichi hazijifungi?"

Mansuri akajibu bila kufikiri: "Zinajifunga kama hujaweka koti."

Kisha akanitazama, na mimi nikamtazama.

Mjomba, koti ni bomba tunalouvika mhimili wa mashine ya mawese. Mhimili unazunguka ndani, bomba limesimama. Nyuzi hazina cha kujishikilia. Mwishoni mwa bomba tunaweka kisu kimoja kisichozunguka, na kila uzi unaojaribu kupenya unakatwa hapo. Kila fundi wa Rumonge anajua koti. Mimi nimechomelea makoti tangu nilipojifunza kazi. Na halikunijia hata siku moja, kwa sababu nilipokuwa kwenye mashine hii nilikuwa nafikiria mashine ya kwenu. Ulisema wajinga wawili. Ilikuwa kweli pande zote mbili.

Tulitoa bomba kwenye mashine mbovu ya mawese, tukalikata vipande viwili, tukaivika mihimili ya sahani.

Tarehe 27 Agosti tulirudi Kizuka. Safari hii watu walikuwa wachache, maana utani ulikuwa umekwisha ladha. Nilimwachia Emery vishikio. Aliingia kutoka mgongoni mwa miwa. Pembe zilipasua, majani yakaanguka pembeni, na miwa ikalala mstari mmoja nyuma yake kama iliyopangwa kwa mkono. Alifika mwisho wa shamba. Akageuka. Akarudi. Moteri haikubadilisha sauti.

Mama alisimama kwenye tuta na fimbo, akipiga kelele: "Emery! Simama vizuri! Usiiname!"

"Siinami, shangazi!"

"Umeinama! Vishikio viko juu, wewe uko chini!"

Ni kweli, mjomba. Mashine inataka mtu aliyenyooka, na yeye mwili ulikuwa unakwenda chini wenyewe, kama anatafuta shina kwa panga. Ilimchukua mistari kadhaa. Halafu nikamwona amenyooka, na sikujua kwamba ni mrefu hivyo.

Shamba lote lilikatwa kabla ya jua kuwa kali. Mwaka jana shamba hilohilo liliwashinda.

Speciosa amechomeka vijiti shambani kutenganisha upande wa mashine na mistari michache aliyoikata yeye kwa panga, na anangoja mvua. Kwa hiyo nami nangoja.

Jovita


Kambi ya Nne, 12 Oktoba 2025

Jovita,

Wazima. Mvua imeanza huku. Huko je?

Yameota?

Barnaba


Rumonge, 9 Novemba 2025

Mjomba,

Amahoro. Samahani kwa kuchelewa. Hamissi alikaa wiki nyingi bila mafuta ya gari, na mvua ilichelewa kuliko yeye.

Mama, Nestori, Mansuri na familia yake wote wazima. Warda ana mimba, na Mansuri ameanza kutembea kama mtu aliyeibeba yeye.

Yameota.

Speciosa aliniita Ijumaa. Alikuwa na akina mama wote wa chama. Tulipita mstari kwa mstari, yeye mbele, akipekua udongo kwa mpini wa jembe. Upande wa panga chipukizi zimetoka hapa nyingi, pale chache, kwa sababu mkono wa mtu aliyechoka unakata juu. Upande wa mashine zimetoka sawasawa, nene, kutoka chini ya udongo, mpaka unaweza kuufuata mstari kwa macho hadi mtoni. Alipekua mashina kutafuta kuoza. Mashina yaliyochanika yapo, siwezi kukudanganya. Ni yale ya ukingoni, ambapo gurudumu lilizama. Gurudumu nitalipanua.

Alifika mwisho, akasimama, akasema, "Jovita, andika jina yako kwa mashine. Kwa rangi ya mafuta. Watu wasianze kusema ilitoka Uchina."

Muhogo haupandwi. Chama cha kule Gitaza kimetuma watu kuja kuona, na tumekubaliana tutengeneze ya pili.

Nimeandika hivi kwenye bati la mbele: JOVITA, MANSURI, EMERY — KIZUKA. Jina lako nilitaka kuliweka pia, Mansuri akasema uulizwe kwanza. Nakutumia picha iliyochapishwa, Emery ndiye aliyeshika vishikio. Wanawake wawili waliosimama kando yake anawafundisha kuiendesha. Mmoja ni mama. Usiseme kitu, nimeshamwambia.

Emery anauliza kama arudi kwa Noeli, au wewe na mama yake mnaonaje. Ameniambia niandike hivyo, kwa upole. Mwenyewe hataki kuuliza.

Mpwa wako,
Jovita


Kambi ya Nne, 30 Novemba 2025

Mpwa wangu Jovita,

Salamu nyingi kwako, kwa Agneta, kwa Nestori, kwa Mansuri na mjukuu wake anayekuja. Mama Emery presha imeshuka. Nesi anasema ni dawa, yeye anasema ni picha.

Picha niliipeleka karakana. Walinzi walinizuia getini, nikakaa hapo mpaka msimamizi wangu wa zamani akatoka kwenda kula. Alivaa miwani akaitazama muda mrefu. Aliweka kidole kwenye bomba mlilouvika mhimili.

"Hili ni nini?"

"Koti," nikamwambia.

Akauliza kitu kingine, sikusikia. Akakirudia kwa sauti: "Mchoro umetoka wapi?"

Nikamwambia haukutoka mahali, umezaliwa Rumonge, kwa mtoto wa dada yangu. Nilisema kwa sauti ya kiziwi, kwa hiyo wote waliokuwa getini walisikia, wakiwemo wakataji waliokuja kuulizia kazi. Picha ikapita mikononi mwao. Mmoja alisema, "Huyu si Emery?" Mwingine akasema, "Amenyooka." Ilirudi kwangu na alama za vidole, nami sikuifuta.

Jina langu usiliweke. Mimi ni fundi wa miwa iliyoungua. Hiyo ni mashine ya miwa mibichi, na waliomo kwenye bati wanatosha.

Gurudumu ulipanue kwa upande wa nje, si wa ndani, usije ukakanyaga chipukizi.

Kuhusu Emery kurudi: kitanda chake nimempa jirani yetu Yonasi, aliyepata watoto mapacha, kwa hiyo hapa hana pa kulala, akae huko kwenye kazi yake. Mama yake amekubali, baada ya siku mbili za kutonisemesha. Amemfumia sweta kwa ajili ya asubuhi za ziwani, Hamissi analo. Noeli tutakula sisi wawili na mbuzi. Akitaka kulala nyumbani kwangu, aje anaendesha ile mashine, na aje nayo mchana, ili watu wa Kambi ya Nne waione inapoingia.

Mjomba wako,
Barnaba